Majibu yote manne ni sahihi, Shangazi. Nichague lipi?

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni binti wa miaka 24, naishi Makorora hapa Tanga. Nimemaliza stashahada ya uuguzi na ukunga mwaka jana. Chuoni sikuwa wa mwisho. Kwenye anatomia na dawa wenzangu walikuwa wananifuata niwaelekeze. Lakini mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga nimeufanya mara moja, nimefeli, na sasa najiandaa kurudia.

Shangazi, si kwamba sijui. Nikiulizwa dozi naitaja. Nikiulizwa dalili za hatari kwa mjamzito nazipanga zote bila kukosea. Kinachonishinda ni lile swali la hadithi: mama ameletwa, ana hivi na hivi, muuguzi afanye nini kwanza? Nasoma majibu, yote manne ni kazi za muuguzi. Nachagua moja, naambiwa nimekosa, na nikielezwa sababu naielewa palepale. Hapo ndipo ninapoumia.

Nina madaftari matatu ya maswali ya miaka ya nyuma, nayakariri mpaka saa 8 usiku. Nina programu ya simu ya maswali ya Wamarekani, nafanya 150 kwa siku. Juzi nikaunganishwa kwenye kundi la WhatsApp, kuna kijana anasema maswali ya mtihani ujao anayo, elfu hamsini tu. Rafiki yangu ameshalipa. Mama yangu anauza mkate wa ajemi na mbaazi asubuhi pale barazani, na ada yangu ilitoka humo, mjomba akaongezea. Mjomba kila akija anauliza, "Vipi, bado tu?" Nakaribia kulipa, Shangazi, sikufichi.

Kuna na jambo jingine sijamwambia mtu. Nikiwa kwenye mafunzo kwa vitendo, hospitali moja siitaji, wodi ya wazazi tulikuwa na mama aliyepata kifafa cha mimba asubuhi. Alipewa dozi ya kuanzia ya magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, saa 4, ya kuendeleza saa 8 mchana, na karatasi ya dawa imeandikwa inayofuata saa 12 jioni. Saa 12 ilipofika nikavuta gramu 5 zangu, nikaongeza lignokaini ya ganzi, nikaenda kitandani. Sista mmoja mtu mzima alikuwa kitanda cha jirani anarekebisha dripu. Hakugeuka hata. Akaniuliza, "Umemgonga goti?" Nikasema bado. "Na mkojo?" Nikainama kutazama mfuko, mililita 70 tangu saa 8. Akaja mwenyewe akahesabu pumzi dakika nzima, 13. Goti halikuruka. Akanitoa bomba la sindano mkononi, akaliweka kwenye trei, akamwita daktari.

Yule mama alipona. Sista hakunisema kwa mtu yeyote. Lakini lile "umemgonga goti" nalisikia mpaka leo. Na vile vigezo vitatu nilikuwa navijua! Wiki ileile vilitoka kwenye mtihani wa chuo nikapata vyote.

Sijui kama mambo haya mawili yanahusiana. Ninalouliza ni la mtihani. La pili nimelitua tu.

Niliyekwama, Makorora

*

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na hilo ulilolitua.

Magnesiamu hutolewa mwilini na figo. Figo zikilegea, dozi ya saa 4 na ya saa 8 bado zimo kwenye damu, na wewe unakuja na ya saa 12. Zikirundikana, goti ndilo linalonyamaza mwanzo, ukiligonga haliruki, kisha pumzi zinapungua, mwisho moyo. Ndiyo sababu kabla ya kila dozi ya kuendeleza tunadai vitu vitatu: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti liruke, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa, yaani 120 kwa saa zile nne. Mgonjwa wako alikuwa na 70, pumzi 13, na goti kimya. Vyote vitatu vilikuwa vinakukataza, na hata kimoja tu kingetosha kukurudisha mezani.

Unasema ulikuwa unavijua, na ninakuamini. Chuoni viliulizwa: taja vigezo vitatu. Ukavitaja. Wodini nani alikuuliza? Kitanda hakiulizi, mwanangu. Mama yule alikuwa amelala, karatasi imeandika saa, dawa ipo mkononi, na hakuna popote palipoandikwa "taja". Kilichokukosa ni swali, majibu ulikuwa nayo tele. Sista ndiye aliyekuja nalo lile swali, tena amekupa mgongo, kwa sababu yeye limeshamkaa mwilini, anajiuliza hata anapofunga dripu ya mtu mwingine.

Na swali la hadithi kwenye mtihani limetungwa liwe kama kitanda. Limekuwekea mgonjwa, limekupa habari zake, nyingine za maana na nyingine za kukupoteza, likanyamaza. Kwa hiyo yanahusiana, tena ni jambo moja. Tulitunge hilo la kwako uone.

Mama wa miaka 22 yuko kwenye magnesiamu baada ya kifafa cha mimba. Muda wa dozi ya kuendeleza umefika. Muuguzi afanye nini kwanza: ampe dozi kwa wakati, amwite daktari, apime goti na pumzi na mkojo, au aandae kalsiamu glukoneti, dawa inayoizima magnesiamu?

Kweli, yote manne ni kazi zetu. Lakini hukuulizwa lipi ni sahihi. Umeulizwa ni lipi likirukwa sasa hivi mtu huyu ataumia. Hujui kama yuko salama kupokea dawa, basi huna la kumpa wala la kumwambia daktari mpaka umpime. Daktari ukimwita mikono mitupu, swali lake la kwanza litakuwa lilelile la sista.

Sasa ongeza sentensi moja kwenye swali: pumzi zake ni 8 kwa dakika na goti haliruki. Majibu ni yaleyale manne. Aliyekariri kwamba tathmini huja kwanza atachagua kupima, na atakosa, maana mgonjwa ameshapimwa, swali lenyewe limekupa vipimo. Hapa dozi haitolewi, unapaza sauti kuita watu, unamsaidia pumzi kwa mfuko wa ambu, ule wa kusukumia hewa kwa mkono, na kalsiamu glukoneti gramu 1, ndiyo mililita 10 za asilimia 10, inaingia kwenye mshipa taratibu. Sentensi moja imegeuza jibu zima. Nadhani hapa ndipo unapoangukia wewe mtu wa madaftari matatu: unalikumbuka swali la mwaka fulani, unalikumbuka jibu lake, na hukuona kwamba safari hii wameongeza kitu.

Ngoja nikupe jingine, nililokuwa nikiwapa wanafunzi wa wodini enzi zangu.

Umeingia zamu ya usiku, una wanne. Wa kwanza alipasuliwa jana, analia na mshono, wodi nzima inamsikia. Wa pili ana siku ya tatu tangu ajifungue, joto lake 38.4. Wa tatu dripu imesimama na dada yake ameshakuja kukuita mara mbili, mara ya pili amekuja amekunja uso. Wa nne amejifungua dakika 40 zilizopita, yuko kimya, amejifunika, ameomba maji ya kunywa na anasema kichwa chepesi. Mapigo 122, presha 100 kwa 65.

Wanafunzi wengi walikimbilia mshono. Wachache dripu, kwa kumwogopa dada. Aliyetangulia kwa wa nne mara nyingi hakuweza kunieleza kwa nini, alisema "nimehisi tu", nami nikimrudisha: hukuhisi, umeona, niambie umeona nini. Presha ile ndiyo inayowaponza watu, kwa sababu inaonekana si mbaya. Mama kijana presha yake inaweza kujishikilia mpaka damu nyingi imeshatoka, na mapigo yanakimbia kabla yake. Kiu, kutotulia, kichwa chepesi, mapigo 122: ukiziweka pamoja huhitaji kusubiri presha ianguke. Nenda ukafunue khanga. Ya juu inaweza kuwa kavu kabisa na ya chini imelowa hadi godoroni, nimeona kwa macho yangu zaidi ya mara moja. Mkono juu ya tumbo la uzazi unasugua, mdomo unaita msaada, vyote kwa pamoja, kibofu kimwagwe maana kikijaa kinazuia tumbo la uzazi lisikaze, na oksitosini ya kulikaza, uniti 10. Mwenye joto la 38.4 anafuata haraka nyuma yake, huyo usimsahau, uambukizo wa uzazi nao unaua. Mwenye mshono atapata dawa yake ya maumivu na pole yake. Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na sidhani walikuwa na wodi ya wazazi akilini, ila pale wodini ndipo nilipoielewa methali hiyo.

Tukiwa bado wodini, nikuchekeshe kidogo, japo mwenyewe sikucheka siku hiyo. Mwaka wangu wa pili kazini niliingia wodini na kikombe cha dawa nikaita, "Bi Asha!" Bibi mmoja akaitika "abee" kwa adabu zake zote, nikampa. Hakuwa Asha. Alikuwa mtu wa Pangani aliyelelewa kwamba mkubwa au mdogo akiita jirani yako, mtu huitika. Mungu alisaidia ilikuwa vitamini. Tangu siku ile simuulizi mgonjwa "wewe ndiye fulani?" Namuuliza "jina lako kamili nani?" kisha natazama faili. Kwa pwani yetu hii, yenye Asha watano na Mwanaidi watatu kwenye wodi moja, na watu wenye haya ya kukukatalia, hilo si jambo dogo. Nawe ukikuta kwenye mtihani jibu linalosema muuguzi amwite mgonjwa kwa jina na kumpa dawa akiitika, sasa unajua kwa nini si lenyewe.

Hiyo programu ya Wamarekani usiifute. Mtihani wao wa leseni, NCLEX, tangu Aprili 2023 umebadilishwa makusudi upime hiki hiki tunachozungumza. Kila mtahiniwa anapewa visa vitatu vya wagonjwa, na kila kisa kina maswali 6 yanayomfuata mgonjwa hatua kwa hatua: umeona nini, kina maana gani, lipi kati ya hayo ni la hatari zaidi, unaweza kufanya nini, unafanya lipi, na ukishafanya limesaidia? Hatua hizo sita zichukue, ziandike kwenye jalada la daftari lako. Yaliyobaki uyatazame kwa jicho la mgeni. Asetaminofeni yao ni parasetamoli yetu, epinefrini ni adrenalini, joto lao la 100.4 ni 38 yetu. Na maswali yao ya kugawa kazi, ipi apewe msaidizi na ipi abaki nayo muuguzi, yamejengwa juu ya wodi isiyo ya kwetu. Kwetu anayemwogesha mgonjwa ni dada yake aliyekuja na ndoo kutoka Muheza. Usiumize kichwa sana hapo.

Lakini 150 kwa siku! Mwanangu, hayo huyasomi, unayahesabu. Fanya 15. Kila swali, kabla hujatazama majibu, yafunike kwa kiganja, kisha sema kwa sauti: nina wasiwasi gani na mtu huyu? Ukishasema, ndipo ufungue. Mara nyingi utalikuta lako limo, na yale mengine matatu hayatakuvuta tena kama yanavyokuvuta sasa. Ukikosa, usiandike jibu sahihi. Andika ulikosaje. Makosa yangu na ya wanafunzi niliowaona yalikuwa ya namna tatu: sikujua kitu chenyewe, nimesoma haraka nikaruka neno, au nilikuwa najua lakini halikunijia. La kwanza dawa yake ni kitabu. La pili ni kupunguza mwendo. La tatu ndilo lako, nalo halitibiwi na kitabu hata ukiongeza daftari la nne. Linatibiwa kwa kumweleza mtu asiyejua. Mkalishe mama yako barazani akishamaliza kuuza, msimulie mgonjwa wa swali lako kama unavyosimulia habari ya mtaani, na kila atakapokuuliza "sasa kwa nini usimpe tu hiyo dawa?" mjibu bila neno la kitabuni. Atakapokukwamisha, weka alama. Nakuhakikishia atakukwamisha siku ya kwanza.

Hesabu za dripu sikuelezi, mtu wa anatomia hashindwi na lita moja kwa saa 8 kwenye mpira wa matone 20 kwa mililita. Ni matone 42 kwa dakika. Ila ukiandika nusu, iandike 0.5 na sifuri yake mbele. Nukta peke yake hufutika, na .5 ikasomwa 5.

Elfu hamsini ya kijana wa WhatsApp: piga hesabu ni mikate mingapi ya ajemi, kisha toka kwenye kundi. Hata yakiwa ya kweli utakuwa umeongeza daftari jingine la kukariri, na ukikamatwa nayo leseni yenyewe unaweza kuikosa kabisa. Rafiki yako aliyelipa usimseme vibaya. Mwite aje mfunike majibu pamoja.

Na mjomba, mjibu tu kwamba unarudia mtihani na tarehe ikitoka utamwambia. Aliyechangia ada ana haki ya kuuliza. Akikujibu kwa ukali, mnyamazie, ni mjomba.

Sasa turudi kwa sista. Unabeba jambo lile kama dhambi uliyofichiwa. Mwanasaikolojia wa Uingereza, James Reason, alifananisha kinga za usalama na vipande vya jibini yenye matundu: kila kipande kina tundu, na ajali hupita siku matundu yote yanapokaa mstari mmoja. Jibini ya namna hiyo sisi hatuijui, mimi huwa nasema vyandarua. Tundika vitatu vilivyotoboka, mbu atahangaika, lakini usiku matundu yakikutana ataingia. Jioni ile karatasi ya dawa ilikuwa chandarua cha kwanza, nayo ilitoboka: iliandikwa saa tu, pa kujaza goti na pumzi na mkojo hapakuwepo. Wewe ulikuwa cha pili. Sista cha tatu, naye alikuwa mzima. Sasa kama sista angekuwa kwenye kitanda cha mbali? Ndiyo maana kosa lililokaribia kutokea lilipaswa kuandikwa na kusemwa kwenye makabidhiano ya zamu, bila jina la mtu, ili karatasi ile irekebishwe. Hapo mlikosea nyote wawili, wewe na yeye, kwa kunyamaza, na nadhani alinyamaza kwa kukuhurumia.

Mtafute. Tanga si kubwa kiasi hicho. Msalimie, mwambie bado unamkumbuka, kisha muulize alianza lini kuuliza kuhusu goti. Sidhani kama alizaliwa nalo. Nahisi naye kuna jioni yake. Ukimaliza hapo, muulize kama karatasi za siku hizi zina sehemu ya kujazia, na kama bado hazina mwambie mwende wote kwa mkuu wa wodi na rula.

Na nyundo ya goti usiingoje, wodi nyingi hutaikuta. Mgonjwa akiwa amelala, pitisha mkono mmoja chini ya paja lake uinue goti likunjike kidogo, mguu ulegee, kisha mgonge kwa ukingo wa kiganja pale chini ya kifupa cha goti. Anza na mama yako leo jioni. Mgonge mara kumi, mguu wa kulia na wa kushoto, mpaka uujue vizuri mruko wa goti zima.

Shangazi